Nafasi ya plagi kwenye injini ya turbo iliyoongezwa nguvu

Wengi wanaoongeza presha ya turbo kwenye injini ya Toyota 1JZ-GTE huhangaikia pampu ya mafuta na kuzisahau plagi, yaani vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya silinda. Hewa iliyobanwa zaidi ndani ya silinda hupitisha cheche kwa shida, hivyo koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) hulazimika kutoa volti nyingi zaidi ili cheche iruke nafasi ileile kati ya ncha mbili za plagi, na volti zisipotosha, injini humisi (hukosa kuwaka vizuri) unapokanyaga mafuta hadi mwisho, ingawa ikiwa imesimama hunguruma bila kasoro.

Plagi ya NGK ambayo namba yake huishia na 11 hutoka kiwandani ikiwa na nafasi ya milimita 1.1. Mimi huanzia 0.8, kisha hushuka hadi 0.7 ikiwa bado inamisi. Sishuki zaidi bila sababu, kwa kuwa cheche fupi mno huwasha mchanganyiko kwa udhaifu na injini hutetemeka. Pima kwa fila geji (kipimo cha nafasi) ya waya na ukunje ncha ya pembeni pekee, maana ncha ya kati, ikiwa ya metali ya iridiamu, ni nyembamba na huvunjika ikiegemezewa chombo. Koili iliyochoka, japo mafundi wengi hujaribu, haiponi kwa kupunguza nafasi: ibadilishwe.