Vidole vya asubuhi

Leo kifuniko cha chupa ya chai kimenishinda tena, nikamwita mwanangu wa darasa la pili anifungulie. Alicheka, nami nikacheka. Baridi yabisi ndiyo hii: nikiamka, saa nzima vidole havikunjiki, hata kifungo cha gauni ni vita. Natumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka ilegee, ndipo nishike mwiko, nao nimeuzungushia kitambaa uwe mnene. Mbuzi ya nazi nimeistaafisha, siku hizi ni tui la pakiti (mama mkwe kanuna, anune tu). Nguo sikamui, nazianika zikichuruzika. Methotrexate, dawa yangu ya ugonjwa huu, nameza Ijumaa tu, mara moja kwa wiki kama daktari alivyoandika. Jirani anadhani siku nyingine nasahau.