Bristol, asubuhi ya matokeo

Nilishuka kituo cha Temple Meads Ijumaa ya tarehe 5 Julai 2024. Ndani ya treni kila mtu alikuwa ameinamia simu. Katika uchaguzi mkuu wa Uingereza, chama cha Labour kilikuwa kimezoa viti zaidi ya 400 bungeni na Keir Starmer alikuwa njiani kuwa Waziri Mkuu, ila jimbo la Bristol Central lilikwenda kinyume: hapo Labour waliangushwa na Carla Denyer wa chama cha Kijani.

Shemeji alinipokea, tukaenda moja kwa moja hadi M Shed, jumba la makumbusho lililoko bandarini. Kuingia ni bure.

Humo sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa wa enzi za kale, imelazwa chali. Rangi waliyompulizia waandamanaji tarehe 7 Juni 2020 bado imemganda usoni na kwenye koti. Walimwangusha kwa kamba, wakambiringisha barabarani, wakamtumbukiza majini. Alipoopolewa, ndani ya sanamu lilikutwa jarida la mwaka 1895 lililoviringishwa, limeandikwa kwa mkono majina ya waliomsimamisha.

Colston alikuwa kigogo wa Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa. Inakadiriwa kwamba katika miaka yake humo kampuni ilisafirisha Waafrika 84,000, na 19,000 kati yao walifia baharini. Mwaka 1710 Bristol ilimchagua kuwa mbunge wake. Wakati huo mwanamke hakuwa na kura, wala wanaume wengi.

"Lakini shemeji," akaniambia, "mtu wa enzi zile utamhukumuje kwa akili ya leo?"

Hoja hii naisikia kila mahali na inaniuma. Haya, tumhukumu kwa enzi zake. Mwaka 1688, Colston yu hai, Waquaker, waumini wa dhehebu la Kikristo, wa Germantown kule Pennsylvania, Marekani, waliandika waraka wa kuupinga utumwa. Na wale 84,000, je? Nao ni watu wa enzi zile, na walijua wanachotendewa tangu siku ya kwanza. Tukisema "zamani watu waliona ni sawa", tumeshawatoa wao katika hesabu ya watu.

Kisha kuna sanamu yenyewe. Ilisimamishwa mwaka 1895, miaka 174 baada ya kifo chake, na Uingereza ilikwishapiga marufuku biashara ya watumwa tangu 1807. Bado wakachonga maandishi ya kumwita miongoni mwa wana wa mji wenye fadhila na hekima kubwa kabisa. Hawa walijua. Wakati huo Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yao na utumwa ulikuwa ungali halali, hadi 1897.

Starmer mwenyewe alisema mwaka 2020 kwamba kuiangusha namna ile ni kosa, ila ilipaswa kuondolewa zamani sana. Januari 2022 baraza la wananchi mahakamani liliwaachia huru watu wanne walioshtakiwa kwa kuiangusha.

Tulivuka daraja la Pero, lililopewa jina la mtumwa aliyeletwa hapa kutoka kisiwa cha Nevis. Shemeji, mzaliwa wa Unguja kama mimi, akauliza: "Na Tippu Tip wetu?"

Nikamwambia naye apimwe kwa mizani ileile. Nyumba yake ipo Shangani hadi leo, na habari za maisha yake aliziandika mwenyewe kwa Kiswahili. Mateka wa misafara yake wengi hatujui hata majina yao. Wageni wanapopitishwa pale, nataka wasimuliwe habari za hao kwanza.