Kuijua kanuni mpya si sawa na kuiacha ya zamani

Mezani pana kadi nne: pembetatu moja nyekundu, nyota mbili za kijani, misalaba mitatu ya njano, duara nne za buluu. Mpimwa anapewa kadi nyingine yenye misalaba minne ya kijani, aiweke chini ya inayofanana nayo. Inafanana kwa lipi? Haambiwi. Kwa rangi itakwenda kwenye nyota, kwa umbo kwenye misalaba, kwa idadi kwenye duara. Mpimaji humjibu "sahihi" au "si sahihi", basi.

Ndicho kipimo cha kadi cha Wisconsin, kilichoanzia kwa Esta Berg na David Grant mwaka 1948. Kanuni ya kwanza ni rangi. Akipatia mara 10 mfululizo, kanuni inageuka kimyakimya kuwa umbo, baadaye idadi, kisha rangi tena. Kazi inaisha akikamilisha makundi sita (kila kundi ni hizo mara 10 mfululizo kwa kanuni moja), au kadi zote 128 zikimalizika.

Tazama kadi inayofuata baada ya zile kumi. Mtu mwenye afya husikia "si sahihi", pengine akajaribu rangi mara moja tena, kisha akaiacha. Mwaka 1963, huko Montreal, Brenda Milner alieleza wagonjwa wa kifafa waliokatwa sehemu ya juu ya ubavuni mwa ubongo wa mbele. Waliambiwa wamekosea, na bado wakaendelea na rangi. Kilichonishika zaidi ni kwamba mgonjwa aliweza kuzitaja rangi, umbo na idadi kwa mdomo wake, na mkono ukafuata rangi ileile. Mazoea yana taabu, lakini hapa tatizo ni breki yenyewe, yaani uwezo wa kujizuia.

Seli za eneo hilo la ubongo wa mbele huishikilia kanuni hata pasipo kitu machoni. Kwa nyani waliofunzwa kanuni za "sawa" (picha ya pili ifanane na ya kwanza) na "tofauti" (isifanane), utafiti wa mwaka 2001 ulikuta seli zinazofuata kanuni yenyewe, picha iwe ipi. Kanuni hiyo huzielekeza sehemu za nyuma za ubongo: umbo lipewe uzito, rangi ipuuzwe. Na kazi imegawanywa. Mwaka 1996, majaribio ya marmoseti, tumbili wadogo, yalionyesha kuwa jeraha la ubavuni mwa ubongo wa mbele huzuia kuhama kutoka sifa moja hadi nyingine, mfano umbo kwenda mistari. Jeraha la sehemu ya ubongo iliyo juu ya macho huzuia kugeuza chaguo pale zawadi inapohamia kingine ndani ya sifa ileile, mfano umbo moja kwenda umbo jingine.

Kwa anayepima: hakikisha kwanza mtu anatofautisha nyekundu na kijani, vinginevyo unapima macho. Sauti yako isibadilike kanuni inapogeuka. Usihesabu makosa kwa jumla tu; tenga yale ya kung'ang'ania kanuni iliyopita. Anayepatia mara tano au zaidi mfululizo kisha akaipoteza kanuni ambayo haijabadilika ana shida nyingine, ya kuishikilia. Kurudia kipimo kuna kasoro kubwa: mtu akishajua kwamba kanuni hugeuka, lile jambo la ghafla limekwisha.

Na matokeo mabaya peke yake hayatoshi kuandika kwamba gamba la mbele, yaani tabaka la nje la ubongo wa mbele, limeumia. Wenye ugonjwa wa Parkinson nao hukwama kwenye kadi hizi, kwa sababu ubongo wa mbele hufanya kazi hii kwa mizunguko inayopita kwenye viini vya ndani ya ubongo vinavyotegemea dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli, ambayo hupungua katika ugonjwa huo.