Wiki mbili Karonga, na dada wa Tukuyu tuliyemweka jikoni

Ngoja nianze na kikao cha mwezi wa tano maana aibu yangu ilianzia pale. Tulikuwa vijana 14 wa ushirika wa wanafunzi wakristo chuoni kwetu Dar, tumekubaliana likizo ndefu hii hatukai nyumbani kuangalia tamthilia, tunaenda misheni nje ya nchi, na nje ya nchi yenyewe ikawa Malawi, Karonga, kwasababu kuna mchungaji wa kule alikuwa anatualika na kwasababu, tusidanganyane, hela ya kuuza maandazi na kuosha magari ya wazee wa kanisa ilikuwa inaishia hapohapo. Tukagawana majukumu. Wenye kingereza cha kunyooka wakapewa mahubiri na ushuhuda, mimi nikiwemo, wapiga gitaa wakapewa sifa, halafu kuna dada mmoja wa Tukuyu, mpole, kingereza chake cha kusuasua, tukamwandika kamati ya chakula. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Akaitikia tu "sawa" akaendelea kukata vitunguu vya mkutano.

Tarehe 4 mwezi wa saba alfajiri tukapanda basi pale Mbezi. Zaidi ya kilomita 800 mpaka Mbeya, Mikumi tukaona twiga na nyani wanaosubiri maganda ya ndizi, Kitonga watu wakaacha mapambio wakaanza kusali kila mtu kivyake, Makambako baridi ikatupiga tukagundua nusu yetu tumebeba tisheti tupu kama tunaenda Coco Beach. Tumefika Uyole usiku, tukalala kwenye ukumbi wa kanisa, asubuhi tukachukua kosta ya kwenda mpakani.

Ile barabara ya kupita Tukuyu jamani. Chai, migomba, ukungu, halafu chai tena. Tulipofika katikati yule dada akanyoosha kidole dirishani akasema "kwetu ni pale juu", sisi tuko bize tunafanyia mazoezi wimbo wa kingereza, hakuna hata aliyegeuka. Baada ya hapo ni kushuka tu, makoti yanavuliwa moja moja, ukifika chini joto la Kyela linakusubiri na harufu ya mpunga.

Kasumulu ni mpaka wa fujo kidogo. Vijana wa kubadilisha hela wanakuvamia kabla hujashuka, na mimi mjanja wa Dar nikahesabiwa kwacha mbele ya macho yangu haya mawili, nikahesabu na mwenyewe, nikaweka mfukoni, na nilipofika upande wa pili zimepungua, mpaka leo sijui zilipita wapi. Pasipoti zikagongwa, kadi za njano zikaangaliwa, tukavuka daraja la Songwe kwa miguu. Nilitegemea mto wa kutisha, nikakuta maji ya tope yanaenda zake taratibu. Mstari huu waliupanga Waingereza na Wajerumani 1890 wakigawana nchi za watu, na mto wenyewe wala hauonekani kujua kama ni mpaka.

Karonga nilipapenda. Mji uko ufukweni kabisa mwa ziwa, ambalo sisi tunaliita Nyasa na wao Malawi, na usithubutu kuanzisha huo mjadala mezani maana nsima, yaani ugali wao, itapoa. Usafiri ni kabaza, yaani baiskeli ya abiria, unakaa nyuma kwenye kigodoro unapepewa na upepo wa ziwa. Wengi mjini wanaelewa Kiswahili kwasababu ya biashara, na watoto walikuwa wanatuimbia nyimbo za injili za Tanzania kuliko sisi tulivyokuwa tunazijua. Tumefika tarehe 5 na kesho yake wakawa na sikukuu ya uhuru wao wa 1964, kwahiyo siku ya kwanza ya misheni hakuna aliyetaka kuhubiriwa, tukaishia kuangalia ngoma na kula.

Jumapili tukajifedhehesha. Mchungaji alisema ibada ni "naini", mwenzetu mmoja akatafsiri saa tisa akataka kulala mpaka mchana, tukamrekebisha kwa kejeli kwamba ni saa tatu bana, tukavaa, tukafika kwa mstari kama kwaya ya mkoa. Kanisa limefungwa. Kuna mama mmoja tu anafagia. Kumbe Malawi wako nyuma yetu saa nzima na simu zetu zilikuwa bado zinasoma muda wa nyumbani. Yule mama akatugawia mifagio.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Jumanne tulianza nyumba kwa nyumba vijiji vya nje ya mji, tumegawanyika makundi, mimi ndo msemaji wa kundi letu, mkalimani kijana wa pale anatoa kingereza anapeleka Kitumbuka, na dada wa Tukuyu amekuja nyuma na dumu la maji na biskuti za watoto kwasababu hiyo ndo kamati yake. Tukamkuta bibi mmoja mzee sana amekaa kwenye mkeka anachambua maharage na jirani yake. Nikafungua Biblia. Nikaanza, nikatiririka, mwanadamu ametenda dhambi, mkalimani anatoka jasho, bibi ananiangalia tu. Akamgeukia jirani akasema kitu kifupi kwa sauti ya chini, nikasikia nyuma yangu dumu linawekwa chini na mtu anabana kicheko.

Nikamuuliza kasemaje. Hakutaka kuniambia. Nikambana akasema, "Kasema huyu kijana anaongea kama anafukuza kuku, hata hajauliza kama nimeamka."

Bibi alikuwa ameongea Kingonde. Na Kingonde na Kinyakyusa ni ndugu wa tumbo moja, Wangonde na Wanyakyusa ni watu walewale waliotenganishwa na ule mto wa tope niliouvuka kwa madharau. Yule dada akapita mbele yangu, akapiga magoti, akasema "Mugonile", yaani salamu ya kuuliza umeamkaje, bibi akaacha maharage. Akaitikia ndaga, yaani asante, akauliza kitu, akajibiwa, akauliza tena, wakaanza kutajiana wazazi na mababu mpaka nikaona bibi anapiga makofi na jirani anacheka machozi. Mimi na mkalimani tumesimama kama nguzo za umeme. Karibu saa nzima. Baadae tukatafsiriwa kwamba bibi amebatizwa kabla baba yangu hajazaliwa, marehemu mumewe alikuwa mzee wa kanisa, na kinachomsumbua sio wokovu, ni mjukuu aliyeenda kutafuta kazi Afrika Kusini na hana habari zake muda mrefu. Hilo ndo aliomba tumwombee. Tulipomaliza akasema na yeye anataka kutuombea sisi, akaomba kwa Kingonde, neno moja tu nililipata, Kyala, yaani Mungu, kwasababu alilirudia rudia na wanyakyusa wa bwenini kwetu huwa wanalitaja wakikwama mtihani.

Usiku ule sikulala vizuri, nasingizia mbu. Kesho yake kiongozi wetu akafuta ratiba ubaoni akaiandika upya, dada wa Tukuyu akawekwa mbele na mimi nikapewa kisu na vitunguu. Nilipika ugali ukawa na madonge, watu wakala kimyakimya. Mengine ya wiki ile yalikuwa ya kawaida, tumebeba matofali, tumefundisha watoto, watatu wameendesha tumbo, jenereta limegoma katikati ya mkutano wa jioni tukaimba gizani na pengine ndo ilikuwa jioni nzuri kuliko zote.

Kabla ya kurudi mchungaji akatupeleka Livingstonia. Mnaenda kusini pembeni ya ziwa mpaka Chitimba halafu mnapanda mlima kwa ile barabara ya Gorode, kona 20, tuko nyuma ya matola, yaani pikapu ya abiria, kila kona mtu anatubu upya. Juu kuna baridi na majengo ya matofali ya wamisheni wa Scotland, waliohamia pale 1894 baada ya malaria kuwamaliza wenzao kule chini Cape Maclear na Bandawe. Kiongozi wao Dokta Robert Laws alikuja 1875 akiwa na miaka 24, umri wetu kabisa, akaondoka 1927. Sisi tulikuwa tunahesabu siku zilizobaki.

Lakini aliyenibakia kichwani ni mwingine, mchungaji alitusimulia tukiwa tumekaa barazani pa ile nyumba ya mawe. William Koyi, Mxhosa, alitoka Lovedale Afrika Kusini 1876 na wenzake watatu kuja kusaidia misheni. Wangoni wa chifu M'Mbelwa walikuwa hawana habari na wazungu, ila babu zao walitokea kusini hukohuko na lugha yao na ya Koyi zinasikilizana, kwahiyo yeye ndo aliyekaa nao wakaongea bila mtu wa katikati. Akafia hukohuko 1886. Nikamgeukia dada wa Tukuyu, alikuwa anaangalia ziwa chini, ng'ambo milima ya Tanzania inaonekana kwa mbali, sijui kama alikuwa anasikiliza.

Nikamwambia samahani kwa ile ya mwezi wa tano. Akasema, "Ya kamati? We si ungeniuliza tu."

Siku ya kuondoka yule bibi alituma mtu na mfuko wa usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa, wa dada peke yake, sio wa timu. Harufu ikajaa kosta nzima kuanzia Kasumulu, konda analalamika, tumewapakata kwa zamu kama mtoto. Tulipofika Tukuyu tukashuka wote safari hii, tukapanda mpaka kwao, tukamwamkia mama yake shikamoo kwa foleni, na dada akamkabidhi mfuko kwa mikono miwili akamwelezea umetoka wapi. Mama akafungua, akanusa, akachukua mmoja akatafuna.

"Yaani mmeenda mpaka nje ya nchi kuniletea usipa? Si wamejaa hapo Kyela?"

Halafu akaenda kuwasha moto.