Kwa nini laifu jaketi halijazwi upepo ndani ya ndege

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Mtwara kwenda Dar, kabla hatujaruka mhudumu kasimama mbele anaonyesha namna ya kuvaa laifu jaketi na kama kawaida nusu ya watu wako kwenye simu. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa Mikindani, mara yake ya kwanza kupanda ndege, yeye ndo alikuwa anasikiliza kuliko wote. Akanigeukia, "Mjukuu wangu, mbona wanasema tusijaze upepo mpaka tutoke? Si bora mtu ajiandae mapema?"

Swali zuri sana lile, na jibu lake liko kwenye bahari yetu hii hii.

Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 767, ilitoka Addis Ababa kuja Nairobi ikatekwa na watu watatu wanataka wapelekwe Australia. Rubani Leul Abate akawaeleza mafuta hayatoshi, hawasikii, basi akawa anaambaa na pwani ya Afrika Mashariki ili asiwe mbali na nchi kavu, wale jamaa wakashtukia wakamlazimisha aelekee bahari kuu. Mafuta yakaisha, injini zote mbili zikazima, akaishusha majini karibu na ufukwe wa Ngazija, kile kisiwa cha Komoro, bawa la kushoto likagusa maji kwanza, ndege ikavunjika. Walikuwemo watu 175, wakafa 125.

Kinachoniuma mimi ni kwamba wapo ambao kishindo chenyewe hakikuwaua. Walikuwa wameshajaza upepo majaketi wakiwa bado ndani, maji yalipoingia yakawanyanyua hadi darini, pa kutokea pako chini yao na kuzamia hawawezi. Mtu wa pwani hahitaji maelezo mengi hapo, jifunge dumu tupu la lita 20 kifuani halafu ukazamie pweza uone kama utafika chini. Nilimwambia bibi hivyo hivyo, mwanawe mvuvi, akaelewa palepale, akanyamaza kidogo akasema "maskini, walidhani wanajiokoa."

Zipo ajali zilizobadilisha kazi ya marubani, mfano ya kisiwa cha Tenerife, Hispania, 1977, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye ukungu wakafa watu 583, tangu hapo maneno ya ruhusa ya kuruka hayatamkwi hovyo redioni. Lakini hiyo abiria huna la kufanya. Hii ya Ngazija inakuhusu wewe uliyekaa siti ya 12.

Na ya Bukoba pia, 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR ya shirika la Precision Air iliingia Ziwa Victoria ikikaribia kutua kwenye hali mbaya ya hewa, walikuwemo 43, wakafariki 19 wakiwemo marubani wote wawili. Mbele kulizama, mkia ukabaki juu, waliopona wengi walitokea mlango wa nyuma na wavuvi ndo walifika mwanzo na mitumbwi yao. Tangu siku ile mimi nikikaa tu nahesabu siti mpaka mlango wa mbele na wa nyuma, maana ndani ya maji huoni kitu, unapapasa.

Tulipokuwa maeneo ya Kilwa bibi akanigusa tena, "Sasa lenyewe liko wapi?" Nikainama nikamwonyesha chini ya siti, akapeleka mkono akapapasa mpaka akaligusa, ndo akarudi kuangalia bahari dirishani.