Nyayo za maboksi zilivyoniokoa Krismasi

Ushauri ulionitia hasara ni huu: "Subiri wiki ya mwisho, wafanyabiashara wanashusha bei." Nikausikiliza. Tarehe 23 Desemba 2023 nikashuka Makoroboi, sokoni hapa Mwanza mjini, na wanangu wawili. Watu wamebanana huoni pa kukanyaga. Kiatu nilichokiulizia Novemba kimepanda karibu mara mbili, na muuzaji hataki kubembelezwa kwa sababu nyuma yangu wapo watatu wanakitaka. Nikanunua jozi 5 za watoto wa kaka yangu kwa kukisia. Tulipofika Ukerewe, 3 hazikuingia. Mdogo wao alikaa sikukuu nzima kavishika vyake mkononi. Sura yake sijaisahau.

Mwaloni, soko letu la samaki na dagaa kule Kirumba, nako niliumia. Wakwe zangu wako Dodoma, na zawadi wanayoitaka kwangu ni dagaa. Wiki ile ilikuwa mbalamwezi. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika, ndoo inapanda bei. Nimekulia Kirumba, hilo nalijua tangu utotoni, lakini purukushani ya sikukuu ikanisahaulisha.

Mwaka 2024 nikaanza Agosti. Tulipokwenda Ukerewe Nane Nane, nilimsimamisha kila mtoto juu ya kipande cha boksi, nikachora unyayo, nikaongeza upana wa kidole mbele maana mguu wa mtoto haungoji Desemba, nikakata na kuandika jina. Nyayo zile zikaishi kwenye mkoba wangu. Kila nikipita soko la Mlango Mmoja asubuhi mabelo ya mitumba yanapofunguliwa, natumbukiza unyayo ndani ya kiatu. Ukilala bila kujikunja, nanunua. Wauzaji walinicheka mwanzoni. Baadaye mmoja akawa ananiwekea pembeni vinavyofanana na vipimo vyangu. Kufika Novemba nilikuwa na jozi zote, nyingine za ngozi nzuri kabisa, kwa hela isiyofika nusu ya ile ya mwaka uliopita.

Hela ilitoka kwenye mchezo wetu wa akina mama, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu. Niliomba zamu yangu iwe Oktoba, si Desemba kama kila mtu anavyotaka. Vitenge vya mama na mawifi vikaenda kwa fundi mwezi huohuo. Ukimpelekea fundi Desemba, utavaa Pasaka.

Dagaa nilinunua siku za kwanza za Desemba, giza tupu, wamejaa. Wafikiche kiganjani kabla hujalipa: mchanga ukibaki mkononi, ondoka, tafuta waliokaushwa kwenye chanja. Nikawafunga, nikawapakia basi la Dodoma pale Nyegezi. Wifi yangu alinipigia usiku uleule: "Wifi, hawa hata kuchambua hawataki!"

Na yule mdogo wa Ukerewe alivaa vyake palepale gatini Nansio, akakimbia mpaka kwa baba yake na kurudi. "Shangazi, vinaingia!"