Cherehani niliyoiuza mara mbili

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, nilitakiwa niitume juzi ila sikuwa na amani, kuna kitu kilinikaa kooni tangu Jumamosi. Ngoja nikiseme tu.

Tulikuwa na kikao cha harusi ya mdogo wangu wa mwisho. Ahadi zinatajwa, watu wanakula sambusa, mara mjumbe mmoja akanitania kwamba dada wa bwana harusi ahadi yake mbona ya kawaida hivyo. Weee. Nikanyanyuka. Nikasema mbele ya mchumba wake na wakwe kwamba huyu mnayemwona na shati limenyooka, ada ya chuo nililipa mimi, 2014 niliuza cherehani yangu nikabaki kubadilisha watu vifungo kwa sindano ya mkono. Wakanipigia makofi. Mdogo wangu hakupiga, aliinamia chupa yake ya maji akawa anabandua lebo kwa kucha, kidogo kidogo, mpaka ikaisha.

Nikarudi nyumbani najiona shujaa. Sasa usiku binti yangu anaangalia sinema ya zamani haina rangi, Casablanca ya mwaka 1942, mi nipo pembeni nachambua maharage. Maharage yenyewe sikuyamaliza.

Kwa ambao hamjaiona, ni wakati wa vita kuu ya pili, Ufaransa imeangukia kwa Wajerumani, na Moroko ipo chini ya Wafaransa waliokubali kumtii Hitler. Wakimbizi wamejaa Casablanca wanatafuta karatasi za kuwafikisha Lisbon, halafu Marekani. (Sinema yenyewe waliipigia California, Moroko hawakukanyaga, lakini waigizaji wengi walikuwa wakimbizi kweli, yule Madeleine Lebeau anayelia wakati wanaimba wimbo wa taifa la Ufaransa alikuwa ameikimbia nchi yake mwenyewe.) Rick, ndo Humphrey Bogart, ana baa na kamari. Mwanamke aliyempenda Paris, Ilsa, alimwacha stesheni na barua fupi tu, mvua ikanyeshea wino ukachuruzika. Sa hivi Ilsa katokea na mume wake Laszlo anayesakwa na Wajerumani, kumbe kule Paris alikuwa anaamini huyo mume kafia kambini. Na Rick anazo karatasi za watu wawili, na Ilsa bado anampenda.

Msinielewe vibaya, Rick sio mlokole. Na ndoa ni ndoa, hilo halina mjadala, tusonge.

Mnajua wengi wanavyosema, jamaa alijitoa, akampa Ilsa aondoke na mume wake. Sawa. Mimi kilichonichoma ni kingine. Pale uwanja wa ndege, ukungu umetanda, ndege inangoja, Rick anamwambia Laszlo, Ilsa mwenyewe akiwa palepale, jana usiku mkeo alikuja kwangu kuomba karatasi, akajifanya bado ananipenda kwa ajili yako wewe, nami nikamwacha ajifanye, yale yalishakwisha zamani. Uongo wake siutetei. Ila angalieni anachofanya. Ameshampoteza yule mama, kilichobaki mkononi ni kusema tu "alinipenda mimi", na hicho nacho anakiachia ili mwenzake aende kwa mumewe na heshima yake. Na si mara moja. Kuna binti wa Kibulgaria na mume wake hawana hela ya karatasi, Rick anamwambia yule kijana, pale kwenye kamari, aweke hela namba 22, inatoka, anamwambia aache palepale, inatoka tena, hela imepatikana. Binti anakuja kumshukuru, anajibiwa mumeo ana bahati tu. Mfanyakazi wake anambusu kwa furaha, anamwambia toka hapa.

Nikamkumbuka Yusufu. Mathayo 1:19, "kwa vile alivyokuwa mtu wa haki, asitake kumwaibisha, aliazimu kumwacha kwa siri." Tunausoma kila Krismasi tunaruka hapo tunakimbilia malaika. Malaika alikuwa bado hajaja jamani! Yusufu anajua tu kwamba ameumizwa, na kwa uchungu wake wote anawaza aibu ya Mariamu. Mimi nilikuwa na wema mkononi, sio uchungu, na nikautumia kumwaibisha mtu.

Wapendwa tuambiane, hasa sisi dada wakubwa, na nyie wazazi mnaowaambia watoto kila wakikosea "nilikuuzia ng'ombe wewe". Wahenga walisema tenda wema nenda zako, sisi tunatenda wema halafu tunavuta kiti tunakaa palepale. Miaka inaenda, bado tumekaa. Mtu hawezi kupendeza, hawezi kununua simu, hawezi kuoa bila sisi kukohoa pembeni. Hiyo ni mkopo ndugu yangu, tena wa riba, na mdaiwa hajui utaisha lini. Cherehani ile niliiuza 2014 nikapata ada, Jumamosi nikaiuza tena nikapata makofi, na bei ya pili ilikuwa ndogo sana.

Alhamisi nilimpigia. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote nikasema tu nisamehe mdogo wangu. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Dada, mi nilijua. Siku ile nilirudi nikakuta alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu, na umeweka ndoo juu yake." Tukalia wote. Mimi miaka yote nadhani hajui thamani yake, kumbe amekaa na zile alama nne moyoni mwake na hajamwambia mtu.

Jumamosi hii kuna kikao kingine. Yule mjumbe atakuwepo. Niombeeni mdomo wangu.